Kaburi la Jiwe Pana

Siku Mzee Abdirashid alipofariki, Nyaguthii alichelewa kuamka. Kwa miaka mingi hakuwa na saa ya kengele wala jogoo wa kutegemea. Alikuwa na adhana. Mzee aliposimama mlangoni pa msikiti alfajiri na kukohoa kidogo kabla ya kuanza, Nyaguthii, Mkristo wa kubatizwa na kubarikiwa, alikuwa tayari ameshusha miguu kitandani akitafuta ndara zake gizani. Mzee akimaliza, moto umeshika. Mzee akirudi kwake, chai imechemka. Asubuhi hiyo hapakuwa na kikohozi. Alizinduliwa na mwanga uliopenya chini ya mlango, na kabla hajajua kilichomshangaza ni nini, akasikia mtu akimwita nje kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Mama Gathii. Mama Gathii, hebu fungua."

Alikuwa Hasina, mke wa mzee, kajitanda leso kichwani, miguu mitupu kwenye umande.

"Mzee amekataa kuamka," alisema.

Walivuka barabara pamoja. Haikuchukua muda, huko Jiwe Pana hakuna kuangalia kushoto na kulia tena, maana hakuna kinachopita.

Mtu asiyepajua Jiwe Pana hana kosa. Ni mahali palipokaa juu ya mgongo wa ardhi, kati ya vijito viwili, ukitoka Kitale kwenda pande za Naitiri. Asubuhi ukitazama upande wa machweo unauona Mlima Elgon mzima, wa buluu, na ukigeuka unaona mashamba ya mahindi yakishuka hadi macho yachoke. Jina lilitokana na mwamba bapa ulioko mwisho wa maduka, mpana kama uwanja wa kanisa. Zamani wanawake wa mabonde yote mawili walianika hapo wimbi na mahindi, wakafukuza kuku wa wenzao na kusengenyana mpaka jua lipungue.

Palikuwa na njia moja tu ya murram, na kila kitu kilijipanga kando yake kama meno. Abdirashid alinunua ngozi na kuuza sukari. Nyaguthii na mumewe Kagwe, waliotoka Nyandarua wakiwa vijana kuja kutafuta udongo, waliuza chai na viazi. Malori ya mahindi yalisimama, utingo wakashuka, mtu akaitana na mtu. Kinu cha kusaga kililia toka asubuhi hadi jioni, na siku kisipolia watu walitoka nje kuuliza kuna nini. Ijumaa, wachuuzi wa Kiislamu waliotoka Chwele na kwingineko walijaa katika ule msikiti mdogo wa mabati hadi mikeka ikatandikwa nje, karibu na mlango wa bucha.

Kisha ikaja lami. Watu walikuwa wameililia lami hiyo tangu enzi za chifu wa kwanza, na ilipokuja ilipita bondeni. Wapimaji walisema mgongo una mwamba na bonde ni laini, hawakusema uongo. Kule chini, mahali palipokuwa na malisho tu, pakazuka vibanda, kisha maduka, na mahali penyewe pakapewa jina la Stendi Mpya. Barabara haikuiua Jiwe Pana kwa siku moja. Iliinyonya polepole kama kupe. Walitangulia vijana wa bodaboda, kwa kuwa bodaboda huenda kuliko na abiria. Mwenye kinu akafuata, akakipakia kinu chake juu ya trela, na siku hiyo watu walikisindikiza kama wanaopeleka bibi harusi. Muuguzi wa zahanati akahamishiwa chini. Watoto wa shule wakaanza kuteremka kusomea kule, na madarasa yakawa ya popo.

Nyumba zilizoachwa ziliuzwa. Aliyenunua hakununua nyumba, alinunua ardhi iliyo chini yake: aling'oa mabati, akang'oa milango na fremu, akaingiza trekta. Ndiyo maana leo mahindi yamefika barazani. Ukikaa kwenye benchi la hoteli ya Nyaguthii majani yanakugusa bega. Mhesabuji wa sensa alipokuja mara ya mwisho aliagiza chai, akaiacha mezani ili kwanza akaone watu, akarudi akaikuta bado ina moto.

Abdirashid ndiye aliyekuwa amebaki na msikiti. Aliadhini mwenyewe, akakimu mwenyewe, akaswali mwenyewe. Naim, mwanawe wa Kitale, alimwuliza siku moja anamwitia nani swala. Mzee akamjibu kwamba kazi ya mwitaji ni kuita.

Sasa alikuwa amelala ubavu, kiganja chini ya shavu. Nyaguthii alimgusa unyayo. Ulikuwa baridi kama mtungi.

"Innalillahi nimeisema tangu alfajiri," Hasina alisema. "Sijapata wa kuniitikia."

Nyaguthii hakulijua jibu lake. Alisema analolijua: "Pole, Mama Naim. Pole sana." Akamshika, wakakaa chini pamoja kwenye mkeka. Halafu Hasina akasema kwamba kwao maiti hakai, lazima azikwe leo, na kwamba mzee alishasema zamani anataka alazwe kando ya msikiti, karibu na Nasro. Nasro alikuwa binti yao wa kwanza, aliyekufa kabla hajaota meno, enzi zile za mikeka ya nje.

Ili kupiga simu, mtu hupanda juu ya mwamba. Huko chini mtandao hushika ukipenda wenyewe. Nyaguthii alipanda akiwa na simu ya Hasina, akamweleza Naim. Sauti ya mtu mzima ikapasuka kama ya mtoto. Alipojikusanya akasema, "Tunakuja, Mama Gathii. Msimzike kabla hatujafika, tafadhali."

"Mje tu. Mtakuta tumechimba."

Hilo hakuliuliza kwa mtu. Kagwe wake alipofariki, wakati Jiwe Pana bado pana watu, aliyepiga sururu ya kwanza nyuma ya nyumba yake alikuwa Abdirashid, na akachimba hadi shimo likampita kichwa, kanzu kaikunja kiunoni. Deni la namna hiyo halina mwenye kulidai.

Lakini kuchimba kunahitaji watu, na siku hiyo ilikuwa ya soko Chwele. Kila mwenye mgongo mzima katika mashamba ya karibu alikuwa ameshapanda pikapu na magunia yake kabla ya jua. Nyaguthii alibisha mlango baada ya mlango, na milango yenyewe haikuwa mingi. Alimpata Mzee Makhanu, Mbukusu wa pale pale ambaye baba yake alichunga ng'ombe juu ya ule mwamba kabla haujapewa jina, akakiri kuwa kifua kinambana lakini atakuja. Akampata Ngige, fundi wa mawe wa zamani, ambaye jicho moja lilikuwa limefunikwa na ukungu. Wilkista, mke wa Makhanu, akaja na karai na mtungi wa maji. Basi.

Hasina alimwosha mumewe mwenyewe. Sheria inamruhusu mke, alisema, na hata kama isingemruhusu, angekuwa nani mwingine? Nyaguthii alimpokeza maji mlangoni, akitazama pembeni.

Huko nje udongo ulikuwa mwekundu na mwepesi kwa kina cha goti tu. Chini ya hapo palikuwa na mwamba uleule uliowashinda wapimaji, ukimenyeka vipande vipande kama ukoko wa ugali. Makhanu alipiga sururu, akakaa, akakohoa. Ngige akapokea, akapiga, akakosa, akapiga tena. Jua lilipopanda, shimo lilikuwa bado halijafika kiunoni, na wazee wote wawili walikuwa wameegemea ukuta wa msikiti, vinywa wazi.

Nyaguthii aliingia shimoni.

"Hapana," Makhanu alisema. "Mama Gathii, toka. Mwanamke hachimbi kabuli. Ni mwiko, mwiko kabisa."

"Basi niletee mwanamume."

Makhanu aliangalia barabara juu, akaiangalia chini. Palikuwa na ndama mmoja aliyefungwa kwenye nguzo ya iliyokuwa bucha. Mzee alishusha macho, akamsogezea sururu.

Akachimba. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye magoti ya kulalamika kila masika, lakini alikuwa amelima maisha yake yote na mikono ilikumbuka. Wilkista alivua viatu akaingia naye, akizoa mawe kwa karai. "Kama kuna laana tutagawana," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu akacheka. Hasina alitoka mara moja, uso umefunikwa, kuwaonyesha upande wa kibla na kuwaeleza wachonge mwanandani, kile kijishimo cha ubavuni anamolazwa maiti ili udongo usimwangukie. Ngige alilala kifudifudi akakichonga mwenyewe kwa patasi, akipapasa jiwe kwa vidole kuliko kwa macho. Alipomaliza alikilainisha kwa kiganja, kama mtu anayetandika kitanda.

Kaburi lilikuwa zuri. Hakuna aliyelisema hilo, lakini walisimama wanne kandokando yake, wamejaa vumbi jekundu hadi nyusi, na Nyaguthii alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi kwa miaka: kwamba mji wao bado unaweza kufanya jambo.

Naim alifika adhuhuri ikiwa imepita, na pikapu mbili za watu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye duka la vitambaa mjini Kitale na nyumba ya kupanga katika mtaa wa Tuwan. Alikuja na Sheikh Shafi wa msikiti wa mtaani kwao, na vijana, na jeneza la msikiti la kubebea. Aliingia ndani, akakaa na baba yake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Alizunguka msikiti, akaitazama ile milango ya maduka iliyobaki matundu, akayatazama mahindi, akaja akasimama ukingoni pa shimo. Aliwashika mikono wote wanne, mmoja mmoja, kwa mikono miwili.

"Mmefanya kazi kubwa, wazazi wangu. Mungu awalipe," alisema. "Lakini baba namrudisha Kitale."

Nyaguthii alidhani hakusikia vizuri. "Unamrudisha? Lini aliwahi kutoka Kitale?"

"Mama Gathii, nielewe tu."

"Nieleweshe. Kaburi si hili? Alilisema mwenyewe, mama yako ni shahidi."

"Alisema zamani, wakati hapa ni mji." Naim alisema polepole, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Nani atamzuru hapa? Nani atafyeka? Hiyo ploti ya pembeni imeshauzwa, na hii itafuata. Mwaka ujao trekta litapita juu ya baba yangu, mwenye trekta hata hatajua amepita juu ya mtu."

"Mimi nitafyeka."

"Na wewe ukienda?"

Nyaguthii alimgeukia Sheikh Shafi, mtu mzima mwenye ndevu za hina, ambaye alikuwa amesimama mbali kidogo kwa adabu.

"Kuzikwa mtu pale alipofia ndiko bora," sheikh alisema, "lakini wenye maiti ndio wenye neno. Na mimi, mama, nimeona msikiti huu. Tungesimama safu sisi tuliokuja, na tukiondoka umerudi kuwa mtupu."

Hasina alikuwa mlangoni. Wote walimtazama yeye. Nyaguthii alimtazama kwa nguvu zake zote, kana kwamba macho yangeweza kumsukuma maneno kinywani.

"Nasro yuko hapa," Hasina alisema.

"Najua, mama."

"Na eda yangu? Si nikae katika nyumba ya mume wangu?"

"Ukae na nani, mama? Ukiugua usiku, nani atajua? Baba amekaa maiti kando yako na hukupata hata wa kukuitikia innalillahi. Umeniambia mwenyewe sasa hivi." Naim alikuwa analia waziwazi. "Mnataka nifanye nini? Mniambie nyinyi. Nifanye nini?"

Ngige alijishughulisha kufuta patasi yake kwenye suruali. Baada ya muda Hasina alirudi ndani, na waliposikia kishindo cha sanduku likivutwa chini ya kitanda, walijua neno limepita.

Walimbeba Mzee Abdirashid wakampandisha pikapu. Vijana wa Kitale walikuwa wengi na wenye nguvu, hata hawakuhitaji mkono wa Makhanu aliyekuwa amejitokeza kushika upande mmoja. Alitembea kando yao, mkono umeelea hewani, akigusa mbao. Hasina alikumbatiana na Nyaguthii. Alinuka karafuu maiti na sabuni. Alipokwisha kupanda ndipo akainama dirishani.

"Chai yako ya asubuhi," alisema. "Sasa utaamshwa na nani?"

Vumbi la magari lilikaa hewani muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na upepo wala gari lingine la kulitawanya.

Walibaki wanne na shimo.

"Tulifunike tu," Ngige alisema. "Udongo ni udongo."

"Hapana." Makhanu alikuwa amekaa chini, anahema. "Kabuli lililochimbwa haliachwi njaa. Litaita mwingine. Sisi kwetu mtu akikosekana, tunazika mgomba."

"Hayo ni mambo ya kienyeji, bana. Mimi ni mzee wa kanisa."

"Basi mzee wa kanisa atangulie kulala humo, tufunike."

Ngige alikuna shingo. Kisha akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba ya Hasina, na wakamsikia akikata. Alirudi akiuburura mgomba mzito, unaodondoka maji, wenye urefu wa mtu mfupi. Waliupogoa majani. Wilkista, bila kuambiwa, alivua leso aliyojifunga kiunoni akaizungushia shina, maana kuuteremsha vile ulivyo kulionekana ni aibu. Wakaushusha kwa kamba. Ngige aliuingiza ndani ya kile kijishimo alichokichonga mwenyewe, ukakaa sawasawa.

Sasa palihitajika neno. Makhanu alimtazama Ngige, Ngige akatazama ardhi. Sala za Mzee Abdirashid hakuna aliyezijua, ijapokuwa walikuwa wamezisikia kila siku maishani mwao. Zilikuwa kama sauti ya mto, unaishi nayo na huwezi kuisema. Nyaguthii aliona wote wanamngoja yeye.

"Haya," alisema. "Kwaheri, mzee." Akasikia jinsi neno hilo lilivyoangukia mgomba uliovikwa leso, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alichota udongo kwa mikono akautupa haraka ili lile neno lifunikwe.

Wiki zilizofuata alikuwa akiamka wakati wowote. Mara nyingine alfajiri haijakaribia, akakaa kitandani akingoja. Mara nyingine jua limetoka na hakuna hasara, kwa kuwa wateja wenyewe walikuwa Ngige na Makhanu. Alifyeka kaburi dogo la Nasro. Lile jingine aliliacha, hakujua alihesabu kama nini.

Siku moja zilipita pikapu mbili zikasimama kwa Hasina. Vijana wawili wakapanda juu ya paa. Nyaguthii alitoka na mwiko mkononi kuwafukuza.

"Tumetumwa na mwenyewe, mathe," mmoja alimwambia kwa upole. "Naim. Si unamjua? Anauza mabati, ploti tayari imeenda."

Alisimama hapo akiwatazama wakiyateremsha mabati moja moja. Chini ya paa lile ukuta wa chumbani ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na msumari ulikuwa bado umeshika kalenda. Mvua ya jioni ile iliingia ndani ya nyumba kama mgeni aliyekaribishwa.

Mwezi uliofuata alikwenda Tuwan. Alibeba ndizi, maziwa ya chupa na mboga za kunde. Nyumba ya Naim ilikuwa katika safu ya vyumba vya kupanga, kamba za nguo zikipishana juu, redio tatu zikisema mambo matatu. Watoto walikuwa wamejaa uani hadi ilibidi atafute pa kukanyaga. Nyaguthii aliwaza kwamba watu wa kona hii peke yao wangeijaza Jiwe Pana nzima, na kinu kingerudi.

Hasina alikuwa ameketi chumba cha ndani, katika eda yake, nguo nyeupe, juu ya godoro lililowekwa chini. Alikuwa amepungua. Walishikana mikono, wakaulizana habari mpaka zikaisha.

"Kaburi lake liko wapi?" Nyaguthii aliuliza. "Nataka nipite nikamsalimie kabla sijarudi."

"Sijaliona. Wanawake hatuendi, na mimi niko eda." Hasina alikunja pindo la nguo. "Naim alikwenda Ijumaa iliyopita. Anasema pale pamejaa sana, wanazika kila siku, kuna mengine mapya mbele yake. Alisoma dua kwenye moja analodhani ndilo." Aliliachia pindo. "Analodhani."

Nje mtoto alikuwa analilia mpira.

"Lile mlilochimba nyinyi mlilifanyaje?"

"Tulilifunika."

"Tupu?"

"Tuliweka mgomba. Makhanu alisema."

Hasina alifikiri. "Wa kwangu?"

"Wa nyuma ya nyumba yako, ule wa karibu na choo."

"Ule ulikuwa na mkungu?"

"Haukuwa nao."

"Vizuri," Hasina alisema, na Nyaguthii hakujua vizuri ilikuwa nini. Kisha Hasina akamsogelea, akateremsha sauti ili mkwewe aliyekuwa jikoni asisikie. "Eda ikiisha narudi. Naim sijamwambia. Watoto ni wazuri, lakini hapa hata ukikohoa ni lazima uombe nafasi. Nitarudi nikae kwangu. Mvua zikipungua nitapaka ule ukuta wa chumbani, rangi imebanduka. Utanisaidia?"

Nyaguthii aliiona ile kalenda iliyolowa, na maji yakitiririka kwenye kijani. Aliwaona vijana juu ya paa. Alimtazama Hasina, ambaye macho yake, kwa mara ya kwanza tangu afike, yalikuwa na mtu ndani yake.

"Nitakusaidia," alisema.

"Na unifagilie fagilie. Nyumba isiyofagiwa huingia siafu."

"Nitafagia."

Aliaga mapema, kwa kisingizio cha mvua. Kule uani alikutana na Naim akirudi kutoka dukani kwa chakula cha mchana. Walisalimiana. Naim aliyasoma macho yake akajua ameshajua, akaangalia viatu vyake.

"Sijapata namna ya kumwambia," alisema.

"Mimi pia sikupata," Nyaguthii alimjibu, akapita.

Kutoka Stendi Mpya alipanda kilima kwa miguu; mtu wa bodaboda alikubali kumpeleka, lakini alitaka nauli ya kwenda na kurudi, kwa kuwa huko juu hapati wa kurudi naye. Nyaguthii alipumzika mara nyingi njiani. Juu ya mgongo upepo ulikuwa unalaza mahindi yote upande mmoja, na kati ya mahindi mabati ya msikiti yalikuwa yanagongana.

Alimkuta Wilkista amekaa kwenye benchi la hoteli, anamngoja. Alikuwa amevaa sweta lake la kwenda kanisani.

"Umemwona Mama Naim? Yuko aje?"

"Yupo."

"Ee." Wilkista alisugua magoti. "Mama Gathii, Linah alipiga simu." Linah alikuwa binti yao, aliyeolewa Chwele na kuuza nyanya sokoni. "Anasema kifua cha baba yake hakiwezi huku, hakuna hata pa kupata sindano. Anakuja na pikapu Jumamosi."

"Jumamosi hii?"

"Hii."

Nyaguthii alivua leso ya kichwani, akaikung'uta vumbi, akaifunga tena. Ng'ambo ya barabara, mlango wa Ngige ulikuwa umefungwa. Mzee alikuwa analala mapema siku hizi, kulipokuwa bado kweupe.

"Kuku mtawapeleka?" aliuliza.

"Ati Linah hana nafasi ya kuku. Nilisema nikuachie wewe."

"Ni wangapi?"

"Watano na yule anayeatamia."

"Sawa," Nyaguthii alisema. Akaingia ndani kuwasha moto, na Wilkista akamfuata kumsaidia kupuliza.